Kikao cha Bunduki ya Daudi

Jumatatu, 3 Februari

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Kituo cha basi, Edmonton. Giza bado, na mvua ile ya rasharasha isiyonyesha wala kukatika. Simu ikaita mfukoni. Daudi: "Nimeamka." Nikajibu: "Na mimi." Basi likaja.

Ndiyo salamu yetu mimi na mdogo wangu, kila siku, mwaka wa pili sasa. Yeye yuko Babati kwa Mama. Mimi huku Ulaya nawavisha soksi wazee wa watu, ndiyo kazi yangu.

Leo aliongeza maneno. Majambazi wamerudi juzi Jumamosi. Mara ya pili tangu Krismasi. Wamevunja ghala la mahindi, wamemkata mlinzi panga la mkono, mzee Bura, yule aliyekuwa anatuchongea magari ya mabua tukiwa wadogo. Mama alijifungia chumbani akapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Daudi alitoka na fimbo. Anasema walimcheka. Walimwambia watalifuata na duka la Mama.

Mama ana miaka sabini na nne. Nimemaliza zamu hivyo hivyo. Bibi mmoja nimemvalisha sweta mbele nyuma, na wala hakulalamika, maskini.

Jumatano, 5 Februari

Kundi la familia limewaka moto. Jumbe mia na kitu wakati mimi niko bafuni kwa mtu namwogesha.

Daudi anataka kuomba kibali cha silaha. Mwenyekiti wa mtaa amemwambia alete kwanza muhtasari wa kikao cha familia, wenye saini za wote, kwamba hakuna anayepinga na kwamba muombaji ni mtu mwenye akili timamu. Basi Baba Mdogo Yohana kapata kazi. Ni mwalimu mkuu mstaafu, anaishi Arusha, na tangu baba afariki yeye ndiye mwenyekiti wetu. Huyu mtu hawezi kula wali bila ajenda. Mimi ni katibu, eti kwa sababu nilisoma uhazili kabla sijaja huku. Wajumbe wengine ni mdogo wetu Rehema aliyeko Dodoma, mumewe Gerald aliyewahi kuwa jeshini, Daudi mwenyewe, na Mama.

Ajenda zimetoka. Moja, kufungua kikao. Mbili, aina ya silaha na kipimo cha risasi. Tatu, kumthibitisha muombaji. Nne, mengineyo. Jumapili saa mbili usiku ya kwao, saa kumi na moja jioni ya kwangu.

Hiyo ya tatu nimeisoma mara nne. Kisha nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Alhamisi, 6 Februari

Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma.

Miaka miwili iliyopita, mke wa Daudi alipoondoka na watoto kwenda kwao Mwanza, Daudi alinipigia simu mchana kutoka gesti moja Singida. Hakusema anaaga. Lakini alikuwa anaaga. Alinishukuru kwa viatu nilivyomnunulia alipoingia kidato cha kwanza. Nani anashukuru viatu vya miaka ile, saa saba mchana, siku ya kazi? Nilikaa naye kwenye simu saa tatu nzima, kwenye ngazi za jengo la mteja, mgongo ukutani. Wazee wawili hawakuhudumiwa siku hiyo, nusura nifukuzwe kazi. Nilimchekesha mara moja tu, kwa habari ya mbuzi wa shangazi aliyekula kitambulisho cha kupigia kura. Alipocheka nikajua nimemshika.

Akaniahidi atarudi Babati kwa Mama, na kwamba kila asubuhi atanitumia neno moja. Mimi nikaapa sitamwambia mtu. Hajakosa hata siku moja. Nami sijasema.

Kwa hiyo familia nzima inajua Daudi karudi nyumbani kumlinda Mama. Rehema kamwomba Mama ahamie kwake Dodoma mara ngapi, Mama hataki. Anasema hawezi kuacha duka. Duka lenyewe sabuni, viberiti na soda za moto.

Sasa wanataka kumkabidhi Daudi bunduki. Bila bunduki majambazi wanaweza kumuua Mama. Na bunduki ikiwa ndani, namwogopea Daudi. Nimegeuza upande huu na ule, sina pa kutokea. Natamani ningekuwa mjinga kama wengine.

Jumapili, 9 Februari

Kikao cha kwanza, kwa simu ya video.

Daudi anataka bastola ya milimita tisa. Ndogo, haraka, inakaa karibu. Shemeji Gerald akasema bastola ni ya watu wa sinema, nyumba inalindwa na shotgun, geji kumi na mbili, mlio wake tu mwizi anapotea. Baba Mdogo akataka kuelezwa geji ni kitu gani. Shemeji akamweleza, ni upana wa mtutu, namba ikipanda mtutu unapungua, kama anamfundisha kuruti. Nusu saa ikaenda hapo.

Ndipo nikaona mlango. Wanaume hawa wanapenda mno mazungumzo haya. Ukiwaachia watakesha. Nikawasha kipaza sauti nikauliza, kwa adabu ya katibu: hiyo milimita tisa ikimkosa mwizi, ikapita ukuta wa tofali, itaishia wapi? Maana Mama analala upande wa pili wa sebule.

Wakasogelea simu zao. Halafu wote kwa mpigo. Tofali la kuchoma au bloku? Ukuta umepigwa plasta pande zote? Shemeji akadai risasi ya milimita tisa inapita ukuta mwembamba bila hodi. Daudi akasema mbona hata chembe kubwa za risasi za shotgun zinapita. Umeme wa Babati ukakatika. Baba Mdogo akaahirisha kikao, ajenda ya pili haijakwisha, tukutane Jumapili.

Nimepata wiki moja. Nitanunua nyingine vivyo hivyo. Mradi tusifike ya tatu.

Jumanne, 11 Februari

Mteja wangu wa saa nne ni Mzee Walter. Miaka themanini na sita, mkali, chai yake iwe nyeusi mpaka kijiko kisimame. Alizaliwa shambani, kaskazini huko, na anapenda kusimulia uwindaji wa sungura. Nilijua ana elimu ninayoihitaji. Nikamuuliza, huku nampaka mafuta miguuni, bunduki gani inafaa kulinda nyumba.

Alivuta mguu wake akaniangalia. Hapa, akasema, hakuna. Uandike kwenye fomu kwamba unataka kulinda nyumba, hawakupi. Nikamwambia si hapa, ni kwa mama yangu Tanzania. Uso ukafunguka. Swali lake la kwanza lilikuwa: nani na nani wanalala ndani ya nyumba hiyo?

Nikasema mama yangu na mdogo wangu. Nikasita. Hakuniona nikisita.

Kisha akamwaga maarifa. Chembe ndogo hupoteza nguvu mapema zikigonga ukuta, chembe kubwa hazipotezi. Geji ishirini ni nyepesi kuliko kumi na mbili, haimpigi mtu bega, hata mama mzee anaweza kuishika. Niliandika nyuma ya risiti. Alimaliza uji wote, kitu ambacho hajafanya tangu Novemba.

Alhamisi, 13 Februari

Asubuhi nimewaandikia kwenye kundi kwamba naunga mkono shotgun. Jioni nimewaandikia kwamba nimefikiri tena, labda bastola. Katikati nimetupia swali la geji ishirini. Shemeji ametuma sauti ya dakika kumi na moja. Baba Mdogo ameomba vielelezo.

Rehema kaniandikia pembeni: "Dada, kwani we uko upande gani?"

Daudi leo: "Nimeamka. Dada unavyonipigania huko nakuona. Mungu akubariki." Nilisoma nikiwa kwenye basi la ghorofa, juu, kiti cha mbele. Nikashuka kituo ambacho si changu. Najiona mnafiki mkubwa.

Jumamosi, 15 Februari

Walipita tena. Hawakuingia. Walirusha mawe juu ya bati, wakapiga miluzi kuizunguka nyumba, wakaondoka. Daudi anasema walikuwa watano au sita. Mzee Bura hayupo, bado ana bandeji, na hakuna anayekubali kushika nafasi yake.

Mama kanitumia sauti. Anaongea polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Neema mwanangu, hicho kikao chenu kinaisha lini?"

Mimi ndiye ninayekichelewesha. Mawe yakidondoka kwenye bati la mama yangu, mkono wangu umo. Nimekaa kwenye kitanda na koti mwilini mpaka binti yangu Furaha akaja kuuliza kama naumwa. Nikasema nimechoka.

Jumapili, 16 Februari

Kikao cha pili. Nikaleta hoja ya bega la Mama. Je, siku Daudi hayupo, Mama ataweza kuishika hiyo kumi na mbili? Ikawa kama nimewamwagia mafuta ya taa. Shemeji akakubali ishirini, kisha akakataa, kisha akasema risasi za ishirini ni tabu kuzipata. Baba Mdogo akauliza kama kuna geji ya kumi na sita, tukutane katikati.

Daudi akakasirika. Kwa mara ya kwanza. Akasema nyie mnajadili namba, sisi huku tunasikiliza miluzi.

Baba Mdogo akatamka: kikao cha mwisho Jumapili ijayo, na Katibu alete utafiti wake kwa maandishi. Utafiti. Mimi ninayefuta meza kwa watu.

Jumatatu, 17 Februari

Nimeitwa ofisini kwa wakala anayenipa kazi. Mzee Walter kamsimulia bintiye kwenye simu kwamba mhudumu wake Mwafrika anataka bunduki ya kulinda nyumba. Binti kapiga ofisini.

Msimamizi wangu ni msichana wa umri wa Furaha, kucha ndefu za rangi ya maziwa. Alifunga mlango. Aliniuliza, kwa upole hasa, kama niko salama nyumbani, kama kuna mtu ananitishia. Nikaeleza. Babati, majambazi, panga, kikao. Nilivyozidi kueleza ndivyo macho yake yalivyozidi kutoka. Mwisho akasema ananiamini, lakini imeandikwa kwenye faili, na nisizungumze tena habari za silaha na mteja yeyote.

Nikalia chooni, maji ya bomba yakiwa wazi wasinisikie. Kazi karibu niipoteze. Na hoja zimeniishia, maana Mzee Walter ndiye aliyekuwa kisima changu.

Jumatano, 19 Februari

Nimeingia kwa Mzee Walter nimekunja uso. Sikusema zaidi ya habari ya asubuhi. Akaona. Akaomba radhi kwa namna yake, yaani alilaumu simu, akamlaumu bintiye, akalaumu serikali. Kisha akaanza kusimulia jambo ambalo sikumuuliza, na mimi nikaendelea kumvisha soksi kwa sababu nilikatazwa kuuliza, si kusikia.

Alikuwa na shotgun mbili, za baba yake. Mkewe alipofariki alikonda, akaacha kufungua mapazia. Akaenda kwa daktari kuomba dawa ya usingizi, akaropoka maneno fulani. Hakuniambia maneno gani. Daktari akaandika barua kwa polisi. Wiki hiyohiyo wakaja askari wawili, wakavua kofia, wakanywa chai yake, wakaondoka na bunduki zote mbili. Hakurudi tena kwa daktari yule. Mpaka leo akimtaja anatukana tusi ambalo sitaliandika. Alimchukia, kasema, kuliko alivyowahi kumchukia mtu.

Kisha akadai chai yake, na mkate uungue kidogo pembeni. Nikasimama jikoni nikimtazama kupitia mlango. Miaka kumi na saba imepita, kwa hesabu yake. Alikuwa anapambana na kifungo cha sweta, anakilaani.

Ijumaa, 21 Februari

Sili vizuri. Furaha kaniweka chini. Nimemwambia robo ya habari, bila jina, bila kiapo. Anasikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. "Mum, you have to say something." Nikamwambia akipenda aseme yeye, namba ya babu yake Yohana anayo. Nilikuwa mkali bure. Akaenda chumbani.

Nitasema Jumapili. Sijui nitasema nini.

Jumapili, 23 Februari

Nimefanya jambo baya.

Utafiti niliutuma jana, kurasa mbili, nimejaza kila nilichokuwa nacho. Nilidhani wataugombania mpaka umeme ukatike. Baba Mdogo akausoma kwa sauti yote, taratibu, kama anasoma risala. Alipomaliza akasema: kwa mujibu wa utafiti wa Katibu, familia inapendekeza shotgun ya geji ishirini, yenye chembe ndogo, kwa kuzingatia ukuta na umri wa Mama. Shemeji akasema hana neno, dada amefanya kazi nzuri. Daudi akasema anakubali. Dakika sita. Wiki mbili zote nilizozinunua, dakika sita.

Ajenda ya tatu. Baba Mdogo akauliza kama kuna mwenye pingamizi kuhusu muombaji. Kidole changu kilikuwa juu ya kipaza sauti. Akauliza tena. Nilimwona Daudi kwenye kile kioo kidogo cha simu, amevaa shati la kola, amechana nywele, amekaa karibu na taa. Alikuwa amejiandaa kama anayekwenda kuhojiwa kazi. Sikubonyeza.

"Hakuna pingamizi. Kikao kimeridhia." Daudi akashukuru mara mbili. Mama alikuwa anatazama pembeni. Nikadhani amechoka.

Nimeandika muhtasari usomeke: wajumbe wote waliridhia. Maneno ni yangu.

Jumatatu, 24 Februari

Daudi: "Nimeamka. Leo nimeamka vizuri dada."

Nimechapisha muhtasari kwenye duka la Mturuki la simu na vocha. Natakiwa kusaini, kupiga picha, kutuma. Mstari wangu ni wa pili kutoka juu: Katibu. Karatasi iko mezani, chini ya kikombe, nimeifanya kama haipo.

Jumanne, 25 Februari

Nimempigia Daudi mchana, kabla hajaniuliza. Yeye kwanza, nilijiambia, kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilikuwa nimekaa kwenye kituo cha basi ambapo nilikuwa nimeacha mabasi matatu yapite.

Nikamwambia sitasaini.

Alidhani natania. Nikasikia kuku wa Mama. Akasema, "Uliapa, dada." Nikamwambia kiapo kiko palepale, sitafungua mdomo, lakini jina langu sitaliweka. Akasema, "Ina maana miaka yote miwili hujaniamini." Nikamwambia namwamini asubuhi. Nikamwambia sijui mchana, sijui siku mke wake akimpigia, sijui siku ya kuzaliwa ya watoto. Sijui, Daudi. Nilikuwa nalia mbele ya watu, na watu wa hapa hutazama simu zao.

"Mama akichinjwa?"

Nikasema nitalibeba mimi. Akakata simu.

Jumatano, 26 Februari

Saa kumi na mbili na robo. Hakuna kitu. Saa kumi na mbili na nusu. Hakuna. Nimemwandikia "Na mimi" bila yeye kuanza. Haikusomwa.

Mchana nimeandika kwenye kundi: mimi Neema, Katibu, natoa pingamizi, sitasaini. Wakataka sababu. Nilikuwa nayo moja tu na siwezi kuitoa. Nikaandika kwamba sitaki bunduki ndani ya nyumba ya baba. Ni sababu ya kipumbavu na wameipokea hivyohivyo. Rehema: "Kumbe umetuchezea wiki tatu." Shemeji: wewe huko ukipiga simu polisi wanakuja na ving'ora, Mama anapiga kelele anakuja nani? Baba Mdogo akaandika kwa herufi kubwa kwamba pingamizi lisilo na sababu halitambuliki, ila muhtasari usio na saini zote nao mtaa hauupokei, na kwamba kuanzia leo ukatibu ni wa Rehema.

Ikatokea mistari ile midogo ya kijivu. Daudi ameondoka kwenye kundi.

Alhamisi, 27 Februari

Hakuna. Nimempigia mara kumi na nne. Namba ya Mama inaita tu. Duka halina simu nyingine. Ningeweza kumpigia Rehema, lakini nimwambie nini? Nenda kamwangalie Daudi? Kwa nini? Kiapo changu kimenifunga mdomo, nami ndiye niliyeapa.

Nimewaogesha watu watano leo. Sikumbuki hata mmoja. Kwa Mzee Walter niliweka chumvi kwenye chai, akainywa nusu kabla hajagundua, na kwa mara ya kwanza hakunitukana. Alinionesha kiti, nikakaa.

Kama Daudi amejiumiza ni kwa sababu yangu. Kama wameingia ni kwa sababu yangu. Naomba Mungu kwa maneno ya ovyo, bila mpangilio.

Ijumaa, 28 Februari

Saa kumi na mbili na robo, hakuna. Basi likaja, sikupanda. Likaja la pili.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini simu ikaita. Namba ya Mama. Mama haandiki ujumbe. Hutuma sauti, au humwambia mtu amwandikie. Huu ulikuwa umeandikwa.

"Kaamka."

Kisha wa pili: "Kanuna. Anakunywa chai."

Nimesoma nimesimama. Nikakaa. Nikasoma tena. Sijawahi kumwambia Mama habari ya lile neno la asubuhi. Sijamwambia mtu.

Nikampigia. Safari hii alipokea, alikuwa ametoka nje, nyuma ya ghala. Aliongea kwa ile sauti ya polepole. Anajua. Anajua tangu siku Daudi aliposhuka kwenye basi na begi moja. Hakuambiwa, alimwona tu, amezaa mwenyewe. Stoo ya dawa za shamba funguo anazo yeye, kafunga kwenye kanga kiunoni, miaka miwili. Hulala mlango wa chumba wazi asikie kikohozi chake. Huo ujumbe wa asubuhi humwona akiuandika, ndipo yeye huinuka kwenda kufungua duka. Juzi alipoona hauandiki, akamwambia mtoto wa jirani amwoneshe herufi.

Nikamuuliza mbona hukusema kwenye kikao. "Ningesemaje, Neema? Bunduki yenyewe mnamnunulia eti anilinde mimi. Nikatae ajue namwogopea?" Akasema alikuwa anaomba mmoja wetu akatae. Alikuwa anamtazamia Baba Mdogo. Akacheka kidogo.

Nikamuuliza habari ya Dodoma. Akasema, "Niende Dodoma nimwache na nani?"

Nilichelewa kazini saa nzima.

Jumapili, 2 Machi

Mama ameitisha kikao mwenyewe, bila ajenda, Baba Mdogo karibu azimie. Akasema bunduki haitaki, uamuzi ni wake, nyumba ni yake, na mtu asimguse Neema. Hakutoa sababu. Yeye hakuombwa.

Shemeji atapeleka mbwa wawili na fundi wa kuchomelea, nondo madirisha yote na mlango wa chuma wa duka. Kalalamika lakini ataenda. Vijana wa ulinzi wa mtaa wamekubali kupita mara mbili kila siku giza likiingia. Haitoshi, najua. Wale watu wako watano au sita na wana mapanga, na duka walilitaja kwa jina. Nimebaki na hofu ileile, nusu yake tu imehamia mahali pengine.

Daudi hakuwepo kikaoni. Mama anasema Alhamisi wanakwenda wote hospitali. Yeye kwa presha, Daudi kwa kumsindikiza, na wakifika hukohuko atamwingiza naye kwa daktari.

Jumatatu, 3 Machi

Saa kumi na mbili na robo. Kumeanza kupambazuka mapema, naona mpaka paa za upande wa pili wa barabara. Hakuna mvua. Simu ikaita.

Mama. Herufi zimeachana, nyingine kubwa nyingine ndogo.

"Kaamka. Kasema nikuandikie."

Nikajibu: "Na mimi." Basi lilikuwa limeshafungua mlango, dereva ananisubiri.